Sura ya Nne: Mtaro Wetu Utajengwa Lini?

Kila msimu wa mvua za masika, swali hili huulizwa katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Kangemi hadi Mountain View na kushuka hadi Westlands. Maji yameziba njia, watoto wamebebwa mgongoni kuvuka dimbwi, mwenye duka ameweka magunia ya mchanga mlangoni. Kisha mtu anasema: mimi nina leseni ya biashara niliyoilipia, mwenye nyumba analipa ada ya ardhi, wenye magari wanalipa ada ya kuegesha mjini. Pesa hizi zote zinaenda wapi, na mtaro wetu utajengwa lini?

Ni swali la haki na lina jibu. Ila jibu lenyewe haliko pale kwenye dimbwi. Mtaro wa mtaani huamuliwa mwaka mzima kabla ya tingatinga kuonekana, katika vikao na makaratasi ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika mkononi. Tunapofika kulalamika, mvua ikiwa inanyesha, uamuzi huwa umepita zamani. Katika sura hii nitaufuata mtaro mmoja wa kuwazia tu, tuseme wa mita mia tatu kando ya njia ya ndani ya Mountain View, kuanzia pale unapokuwa wazo hadi pale unapokwama. Kukwama, kama tutakavyoona, hutokea mahali pengi.

Kwanza, mtaro huo ni wa nani?

Mountain View ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Westlands, pamoja na Kangemi, Kitisuru, Karura na Parklands/Highridge. Jiji zima lina wadi 85, na kila wadi humchagua mwakilishi wake katika bunge la kaunti, yule ambaye sote tunamwita MCA. Wapo pia wanaoteuliwa na vyama ili kuhakikisha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wana sauti. Bunge hilo hukutana City Hall, katikati ya mji, na gavana ana ofisi yake katika jengo hilohilo.

Sasa simama kando ya barabara ya Waiyaki Way. Lami unayoiona mbele yako si ya kaunti. Ni barabara kuu, na barabara kuu ziko chini ya KeNHA, shirika la serikali ya kitaifa. Barabara nyingine kadhaa za mjini ziko chini ya KURA, nalo ni shirika la kitaifa. Mashirika haya yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kabla hata kaunti hazijazaliwa. Njia ndogo za ndani ya mtaa ndizo za kaunti, pamoja na mitaro yake ya maji ya mvua, taa za barabarani, soko, chekechea, zahanati na uzoaji wa taka. Maji ya mfereji na maji taka yanasimamiwa na Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi, ambayo kaunti inaimiliki lakini ina bodi yake na hesabu zake.

Kwa hiyo dimbwi moja linaweza kuwa na wenyewe watatu. Maji ya mvua yametoka barabara kuu ya KeNHA, yakaingia mtaro wa kaunti, yakakutana na bomba la maji taka la kampuni lililopasuka. Kila ofisi utakayoiendea inaweza kukuelekeza kwa nyingine bila kusema uongo. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mdogo lakini huokoa miezi: kabla ya kuandika barua yoyote, jua kitu kilichoharibika ni cha nani. Nimeona makundi ya wakazi yakimlaumu MCA wao muhula mzima kwa barabara ambayo hana hata shilingi moja ya kuigusa.

Kabla ya kaunti

Watu wa umri wangu bado wanaiita kaunti kanjo, jina la baraza la jiji la zamani, na si kosa, kwa sababu mengi ya zamani yamebaki. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950, na Charles Rubia akawa meya wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1962. Baraza la jiji lilikuwa na madiwani, meya, na karani wa jiji aliyeshika kalamu yenye nguvu kuliko meya. Lakini juu yao wote alikaa waziri wa serikali za mitaa. Mwaka 1983 serikali kuu iliwaondoa madiwani na kuweka tume ya kuendesha jiji, na wakazi wa Nairobi walikaa bila madiwani hadi uchaguzi wa mwaka 1992.

Katiba ya 2010 ilifuta utaratibu huo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Nairobi ikawa kaunti, yenye gavana anayechaguliwa na bunge linaloweza kumwondoa. Waziri aliyekuwa akikaa juu ya baraza hayupo tena. Kilichobaki ni wafanyakazi wa baraza la zamani, majengo yake, kesi zake na madeni yake, vyote vikahamia kwa mwenyeji mpya.

Mwaka wa fedha na tarehe zake

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Watu wengi husikia habari za bajeti mwezi Juni, kwenye redio, na kudhani ndipo mambo yanapoamuliwa. Juni mambo huwa yamekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe hizi, na ningependa kila chama cha wakazi kiwe nazo ukutani:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefikishwa kwenye bunge la kaunti. Hapa ndipo miradi hutajwa kwa mara ya kwanza.
- Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha. Huu hugawa pesa kwa idara: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Bunge lina siku 14 kuuamua.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yenyewe, mstari kwa mstari.
- Juni 30: bunge liwe limepitisha sheria ya kuidhinisha matumizi.
- Ndani ya siku 90 baada ya hapo: mswada wa fedha, unaoweka ada na tozo utakazolipa.

Nyuma ya hizi zote kuna mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, unaoandikwa mwanzoni mwa muhula wa kila gavana. Mradi ambao haumo katika mpango huo huingia bajeti kwa shida.

Tarehe iliyo muhimu kuliko zote ni ya Februari. Waraka wa mkakati ukishapita, kila idara imepewa kiwango chake cha juu. Ifikapo Mei, wakazi wanapoitwa ukumbini kutoa maoni, kamati ya bajeti haiwezi kuongeza pesa mahali pamoja bila kupunguza mahali pengine. Sheria inasema hivyo waziwazi. Ukisimama Mei useme "tunataka mtaro", unachosema kwa kweli ni "toeni mtaro wa wadi nyingine". Ukisimama Agosti au Januari, unashindana na karatasi ambayo bado haijajaa.

Mstari unaosema "wadi mbalimbali"

Chukua kitabu cha makadirio ya bajeti ya kaunti ukifungue kwenye sekta ya barabara na ujenzi. Kurasa ni za majedwali: nambari ya fungu upande wa kushoto, jina la matumizi katikati, kisha safu za tarakimu za mwaka huu na makadirio ya miaka miwili inayofuata. Mishahara ina mstari wake, mafuta ya magari yana mstari wake, hata chai ya mikutano ina mstari wake. Ukifika kwenye maendeleo utakutana na mafungu makubwa ya kukarabati barabara na mitaro, na mahali ambapo ungetaka kuona jina la mtaa wako pameandikwa maneno ambayo nimeyachukia kwa miaka mingi: wadi mbalimbali.

Maneno hayo ndiyo mahali ambapo mtaro wetu hupotea kwa mara ya kwanza. Fungu lisilo na jina la mahali haliwezi kudaiwa na mtu wa mahali. Idara inaweza kulitumia lote upande mmoja wa jiji na isivunje sheria. Mwaka ukiisha, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba Mountain View ilinyimwa chochote, maana haikuwa imeandikiwa chochote.

Ndiyo sababu wawakilishi wadi wa Nairobi wamepigania hazina ya maendeleo ya wadi, yenye sheria yake ya tangu 2014, ili kila wadi iwe na kitita chake. Mvutano wa pesa hizo haujaisha. Septemba 2025 baadhi yao walikusanya saini za hoja ya kumwondoa Gavana Johnson Sakaja, na kucheleweshwa kwa pesa za wadi na za basari kulikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Hoja hiyo ilitulizwa baada ya viongozi wakuu wa kitaifa kuingilia kati. Mimi naona hazina ya wadi ni nusu ya dawa. Kuandika jina la mtaa kwenye mstari wa bajeti hakuhitaji hazina mpya, kunahitaji kamati ya bajeti isiyokubali ukurasa wa "wadi mbalimbali" upite.

Pesa zilizoandikwa na pesa zilizopo

Tuseme mtaro umepata mstari wake, una jina, una kiasi. Je, pesa zipo?

Bajeti ya Nairobi katika miaka ya karibuni imezidi shilingi bilioni 40. Mgao kutoka serikali ya kitaifa ni takriban bilioni 20. Salio linatarajiwa kutoka mifukoni mwetu: ada za ardhi, leseni za biashara, ada za kuegesha magari, vibali vya ujenzi, mabango ya matangazo. Kila mwaka kaunti huandika kwamba itakusanya kiasi fulani, na kila mwaka hukusanya pungufu ya kiasi hicho. Bajeti imeandikwa kwa matarajio, lakini mkandarasi hulipwa kwa pesa taslimu.

Ada ya ardhi inaonyesha jambo hili vizuri. Kwa miongo kadhaa Nairobi ilitoza ada hiyo kwa kutumia orodha ya thamani ya mwanzo wa miaka ya 1980, wakati sehemu kubwa ya Westlands ilikuwa bado nyumba za ghorofa moja zenye bustani. Ghorofa zikaota, bei ya ekari ikapanda mara nyingi mno, orodha ikabaki palepale. Kaunti ikawa inatafuta pesa kwa kupandisha tozo zinazomgusa mtu wa kawaida kwa haraka zaidi. Mwaka 2013, kwa mfano, ada ya kuegesha gari katikati ya jiji ilipandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300. Orodha mpya ya thamani ilikuja baada ya miaka mingi ya kuahirishwa.

Pesa zote, ziwe za mgao au za kanjo, lazima ziingie katika akaunti moja iitwayo Hazina ya Mapato ya Kaunti. Gavana hawezi kuchota humo kwa amri yake. Katiba inataka idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa huru ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila shilingi inayotoka ina sheria inayoiruhusu. Cheo hicho kimeshikwa na Dkt Margaret Nyakang'o tangu mwisho wa mwaka 2019. Ripoti zake za kila robo mwaka ni za wazi na zinasomeka. Ukitaka kujua kaunti imetumia nini hasa, anza hapo kabla ya hotuba yoyote.

Na ripoti hizo zinasema jambo moja kwa kurudiarudia. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, yaani vitu vinavyobaki, kama mtaro. Kuandika asilimia 30 ni rahisi. Kuzitumia ndiko kunakoshinda. Mgao kutoka Hazina ya Taifa huchelewa miezi, na unapofika, mishahara hulipwa kwanza, kwa kuwa mfanyakazi asiyelipwa atagoma kesho na mtaro usiojengwa haugomi.

Halafu kuna madeni. Nairobi inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80 na wakandarasi, wauzaji bidhaa, mawakili na mashirika ya umma, kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, na sehemu ya deni hilo ilirithiwa kutoka baraza la zamani. Deni kama hilo lina bei isiyoandikwa popote. Mkandarasi anayejua kwamba atalipwa baada ya miaka mitatu huongeza bei yake tangu siku ya zabuni, au haji kabisa, na anayekuja ni yule mwenye njia zake za kulipwa mapema. Mtaro wa mita mia tatu unakuwa ghali kabla jembe halijagusa udongo.

*Kwa ufupi hadi hapa:* mtaro unahitaji kuwa wa kaunti, uwe umetajwa mapema, uwe na mstari wenye jina la mahali, na pesa zake ziwe zimeingia na kuidhinishwa kabla ya Juni 30. Mwaka ukifika mwisho pesa hazijatumika, idhini yake huisha, na mradi unaanza upya.

Gavana akikataa kutia sahihi

Bunge likipitisha mswada, gavana ana siku 14: autie sahihi au aurudishe na sababu. Akiurudisha, theluthi mbili ya wabunge wanaweza kuupitisha tena na atalazimika kuukubali. Nairobi iliwahi kuona utaratibu huu ukivutwa hadi karibu kukatika.

Februari 25, 2020, Gavana Mike Sonko na Waziri wa Ugatuzi Eugene Wamalwa walitia sahihi Ikulu mkataba wa kuhamishia serikali ya kitaifa majukumu manne ya kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Ibara ya 187 ya Katiba inaruhusu serikali moja kuhamishia nyingine majukumu kwa makubaliano. Iliundwa Idara ya Huduma za Nairobi, NMS, chini ya Mohammed Badi, wakati huo akiwa meja jenerali wa jeshi. Mitaro ya mitaani ikahamia kwake.

Pesa je? Bunge la kaunti lilipitisha bajeti ya shilingi bilioni 37.5, na bilioni 27.1 kati ya hizo zikaelekezwa NMS. Sonko alikataa kutia sahihi. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza, hospitali na wafanyakazi wanasubiri, na ofisi mbili zinabishana juu ya nani ana haki ya kutumia. Desemba 3, 2020 bunge la kaunti lilipiga kura kumbandua, na Desemba 17 Seneti ikaidhinisha kwa kura 27 dhidi ya 16. Miongoni mwa mashtaka ilikuwa kukiuka Katiba na sheria za fedha. Alipinga mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitupilia mbali rufaa yake Julai 2022. NMS ilivunjwa Septemba 30 mwaka huohuo, na majukumu yakarudi City Hall.

Watu husimulia kisa hiki kama ugomvi wa wanasiasa wawili. Kwangu kinaonyesha kitu kizito zaidi. Mkataba ule ulitiwa sahihi kwa siku moja, bila wakazi wa wadi 85 kuulizwa kama wanakubali aliyechaguliwa akabidhi kazi zake kwa ambaye hakuchaguliwa. Kwa miaka miwili na nusu, mkazi aliyekwenda kwa MCA wake kuuliza mtaro aliambiwa, kwa haki, kwamba jambo hilo liko mikononi mwa idara isiyowajibika kwa bunge la kaunti jinsi mawaziri wa kaunti wanavyowajibika. Barabara zingine zilitengenezwa vizuri, sikatai. Lakini lami nzuri haiwezi kulipia haki ya kuuliza.

Mahakama na ukumbi mtupu

Ukipita Uthiru na Kinoo uko Kiambu, na ni Kiambu iliyotupa uamuzi ambao kila karani wa bunge la kaunti anaujua. Kaunti hiyo ilipitisha sheria yake ya fedha ya mwaka 2013, ikapandisha ada na tozo. Wakazi wakaenda mahakamani. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria yote, si kwa sababu ada zilikuwa kubwa, ila kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kutupa ujumbe mtandaoni na kuwaachia wenye bidii wautafute. Bunge lina wajibu wa kuwafikia watu. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye mwaka 2017.

Ushirikishi wa umma, basi, ni sharti la sheria kuwa sheria. Tangazo lililotoka Jumatano kuhusu kikao cha Ijumaa saa tatu asubuhi, saa ambayo mfanyabiashara wa soko la Kangemi yuko kwenye meza yake, linaweza kuiangusha sheria nzima. Lakini mahakama hutazama pia kama nafasi ilikuwepo na watu hawakuitumia. Kikundi kilichotuma maoni yake kwa maandishi, yakapigwa mhuri wa kupokelewa, kina mahali pa kusimama mbele ya jaji. Aliyenung'unika nyumbani hana.

Kesi nazo zina gharama upande wa pili. Kaunti ina Wakili wa Kaunti, ofisi iliyowekewa sheria mwaka 2020 ili iishauri serikali na kuitetea. Hata hivyo kwa miaka mingi City Hall imewapa kesi mawakili wa nje, na madai yao yamefika mabilioni ya shilingi, hadi Seneti na Msimamizi wa Bajeti wakahoji. Mkandarasi aliyeshinda kesi naye hawezi kwa kawaida kumtuma dalali akachukue magari ya kaunti. Hupewa cheti, kisha huomba amri ya kumlazimisha afisa anayehusika alipe, na afisa akikaidi huitwa kujibu kwa kudharau mahakama. Riba huendelea kuhesabika muda wote huo, na riba hiyo hulipwa kutoka kwenye kapu lilelile la mitaro.

Barua yenyewe

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti kwa maandishi, na haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini yake. Huhitaji wakili. Taja mahali kwa usahihi: kutoka lango gani hadi daraja gani, mita ngapi. Ambatisha picha yenye tarehe. Eleza kwamba barabara ni ya kaunti na umejuaje. Omba jambo moja: mradi uandikwe kwa jina katika mpango wa maendeleo wa mwaka ujao. Peleka nakala tatu: kwa karani wa bunge la kaunti, kwa idara ya barabara, na kwa ofisi ya MCA, na usiondoke bila mhuri kwenye nakala yako.

Ifanye kabla ya Agosti kwisha. Februari rudi uulize idara imepewa kiasi gani. Mei nenda kwenye kikao ukiwa na nakala yenye mhuri na nambari ya ukurasa wa makadirio. Ukinyimwa makadirio hayo, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu, na ikikataa unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Mradi ukiandikwa na mwaka ukapita bila kujengwa, angalia bajeti ya ziada, kwani hapo ndipo miradi hufutwa kimyakimya ili pesa zihamishwe, na pia ndipo uliokwama unaweza kuandikwa upya.

Mwishowe subiri ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, anayetakiwa na Katiba kuitoa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani kufikia Desemba 31. Wakaguzi wake huenda kwenye miradi na kupima. Ikiwa vitabu vya kaunti vinasema mtaro wa Mountain View umekamilika na kulipwa, nawe umesimama kwenye tope mahali ulipopaswa kuwa, mwandikie mkaguzi huyo, na uambatishe ile picha.